Nyuzi nne zilizojificha nyuma ya jeti: kisa cha RD350 na CDI ya kuprogramu

Pistoni ya kulia ilipotoka ilikuwa na michirizi upande wa ekzosi, na ukingo wake wa juu umeliwa vidoa vidogo vidogo kama chuma kilichopulizwa mchanga. Mwenye pikipiki alikuwa ameona michirizi tu. "Ilikosa petroli," alisema, na kwa imani hiyo alikuwa ameshaongeza jeti kuu, tundu la kabureta linalopitisha petroli, mara mbili. Mimi macho yangu yalibaki kwenye ule ukingo. Michirizi ina sababu nyingi: mchanganyiko mkavu, mafuta kutofika, nafasi ndogo mno kati ya pistoni na silinda, au joto tu la kupita kiasi. Ukingo ulioliwa namna ile una sababu chache, na ya kwanza kuishuku ni cheche inayoruka mapema mno.

Pikipiki yenyewe ni Yamaha RD350 ya 1974. Kwa asiyeijua: ni injini ya mipigo miwili, silinda mbili zilizokaa sambamba na kupozwa kwa hewa, sentimita za ujazo 347, kipenyo cha silinda milimita 64 na mwendo wa pistoni milimita 54. Njia ya kuingiza ina vali za ulimi, gia ni sita, na mafuta ya injini hupelekwa na pampu yake badala ya kuchanganywa kwenye tangi. Kiwanda kiliitaja kuwa na nguvu za farasi 39 kwenye mizunguko 7,500 kwa dakika. Mfumo wa cheche ni wa kizamani kabisa: betri ya volti 12, koili mbili, kondensa mbili na pointi mbili (vigusio vinavyokata umeme ili cheche iruke), kila silinda na zake, zote zikifunguliwa na kemu moja kwenye ncha ya krenkishafti. Hakuna kifaa cha kuitanguliza cheche kadiri mwendo unavyopanda. Kiwanda kiliagiza iruke pistoni ikiwa imebakiza milimita 2.0 kufika kileleni, na ibaki hapo hapo kuanzia kiki ya kwanza hadi mwisho wa saa ya mizunguko.

Sababu ya mwenye pikipiki kuachana na pointi ilikuwa ya haki. Kisigino cha pointi kinachosugua kwenye kemu hulika polepole, nafasi inapungua, pointi zinachelewa kufunguka, na taimingi, yaani wakati wa cheche kuruka, inarudi nyuma bila mtu kuigusa. Ukirekebisha nafasi, umesogeza taimingi. Ukirekebisha taimingi, unarudi kutazama nafasi. Zidisha kazi hiyo mara mbili, kwa sababu za kushoto na za kulia hazichakai kwa kasi moja. Injini yake ilikuwa inanguruma kwa kuyumba, plagi ya kushoto ina rangi ya kahawa na ya kulia nyeusi, na kila baada ya wiki chache anafungua kifuniko cha kushoto akiwa na bisibisi na kipande cha karatasi. Akanunua mfumo wa CDI ya kuprogramu, cheche ya elektroniki isiyo na pointi: rota mpya, vihisi viwili, kiboksi kimoja kinachopokea umeme wa betri, koili mbili, na waya wa kuunganisha kwenye laptopu ili uchore ramani ya cheche mwenyewe, yaani iruke nyuzi ngapi za mzunguko wa krenki kabla ya pistoni kufika kileleni, kwa kila mwendo wa injini.

Siku ya kwanza ilimharibu. Pikipiki iliwaka kwa kiki moja. Mngurumo wa kusimama ukatulia kuliko alivyowahi kuusikia. Mfumo mpya ukifanya vizuri kiasi hicho ndani ya dakika tano, ni nani atakayekaa chini kuupima?

Ramani aliyoitumia aliichukua kwa mtu mwenye injini kama hiyo iliyofungwa ekzosi za mashindano. Akaipunguza ncha kidogo kwa tahadhari. Ikabaki hivi: nyuzi 24 kabla ya kilele kati ya mizunguko 3,000 na 5,500, nyuzi 22 kwenye 7,000, nyuzi 20 kwenye 8,000. Kwenye karatasi haikuwa ramani ya kichaa. Safari ya tatu, kwenye barabara ndefu iliyonyooka, ikiwa karibu na 7,000 kwa muda mrefu, silinda ya kulia ilianza kubana. Alikamata klachi kwa wakati. Ikapoa, ikawaka tena.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kupinda. Akaongeza jeti kuu namba moja, na kweli ikadumu zaidi kabla ya kuonyesha dalili. Akaongeza namba nyingine. Moshi ukazidi, pikipiki ikawa nzito kuanzia 4,000, lakini haikubana. Kwa macho ya mtu yeyote huo ni ushahidi: umeongeza petroli, tatizo limepungua, basi tatizo lilikuwa petroli. Uzito ule akaulaumu kwa ramani, akatafuta ramani nyingine. Nilipoiona laptopu yake ilikuwa na ramani nne, na kila moja ina jina la kukata tamaa kidogo kuliko iliyotangulia.

Niliposhika kazi sikuigusa taimingi kwanza, ingawa nilishaishuku. Injini ya mipigo miwili inavuta mchanganyiko kupitia kwenye kasha la krenki, kwa hiyo sili ya krenki ikivuja upande mmoja, silinda ya upande huo inanyonya hewa ya bure na kuwa kavu. Sili ya upande wa klachi ikivuja, itanyonya mafuta ya gia na utaona moshi mweupe usioisha. Silinda moja kubana na nyingine kuwa nzima ni tabia ya sili pia. Tukaziba njia za kuingiza na za ekzosi, tukajaza hewa kwa shinikizo dogo la karibu baa 0.4, tukasubiri. Mshale haukusogea. Pampu ya mafuta ilikuwa inasukuma pande zote mbili bila mapovu kwenye mipira yake. Boya za kabureta zilikuwa kwenye kimo kimoja. Krenkishafti ya injini hii imeundwa kwa vipande vilivyoshindiliwa pamoja, na pistoni ikibana inaweza kujipinda katikati, silinda mbili zisiwe tena zimepishana nyuzi 180. Tuliweka geji ya saa, kipimo cha mshale kinachosoma mwendo mdogo wa pistoni, kwenye kila silinda tukalinganisha: tofauti haikufika nusu ya nyuzi. Nusu siku imekwisha, na hakuna kosa. Lakini sasa nilijua mahali ambapo kosa halipo.

Ndipo nikamuuliza taimingi ameipima vipi.

"Fundi, kwa taa. Laptopu inasema 24, taa inasema 24. Mimi nimbishie nani?"

Jibu zuri, na ndani yake mna shimo. Taa ya taimingi haijui pistoni iko wapi. Inamulika alama kila cheche inaporuka, basi. Ikiwa alama imechorwa mahali pasipo pake, taa na laptopu zitakubaliana kwa furaha juu ya uongo mmoja. Na alama ya kilele kwenye rota mpya aliichora mwenyewe, kwa kuingiza bisibisi ndefu kwenye tundu la plagi, kuzungusha injini taratibu, na kuweka alama pale bisibisi ilipoacha kupanda.

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu kisa chote kimo humu. Pistoni inapokaribia kilele haisimami ghafla. Inapunguza mwendo hadi karibu sifuri, inageuka, inaanza kushuka polepole vile vile. Kwa injini hii, yenye fito la kuunganisha pistoni na krenki lenye urefu wa milimita 110, kuzungusha krenki nyuzi tano nzima kutoka kileleni kunaishusha pistoni kwa milimita 0.13 tu. Hiyo ni unene wa karatasi na ziada ndogo. Hakuna jicho wala kidole kitakachoihisi kwenye ncha ya bisibisi. Mtu anaweza kukosea nyuzi nne au tano huku akiapa kwamba amepata kilele barabara, na atakuwa anasema kweli kadiri ya alichoona.

Ukienda nyuzi 20 kabla ya kilele hali ni tofauti kabisa. Pale pistoni inakimbia: kila nyuzi moja ya krenki inaisogeza karibu milimita 0.2, na geji ya saa inasoma hata sehemu ya kumi ya hiyo. Ndiyo sababu kiwanda kiliandika taimingi kwa milimita. Ukipiga hesabu, milimita 2.0 kwenye injini hii ni nyuzi 20 karibu kamili. Fundi wa 1974 aliyefunga geji kwenye tundu la plagi hakulazimika kukijua kilele kwa nyuzi. Geji aliisawazisha kwenye sifuri pale mshale unapogeukia, na kosa dogo la mzunguko pale juu halikumgharimu chochote kwa milimita. Sisi tulioleta nyuzi na kompyuta ndio tuliohitaji alama ya kilele iliyo sahihi, na tukaichora kwa bisibisi.

Njia ya kuipata ni ya kale na haihitaji jicho kali. Funga sahani ya nyuzi kwenye krenki. Weka kizuizi kwenye tundu la plagi, bolti ndefu iliyolainishwa ncha, ili pistoni igote kabla ya kufika juu. Zungusha kwa mkono kwenda mbele hadi igote, soma namba. Zungusha kinyume hadi igote upande wa pili, soma namba. Kilele kiko katikati ya hizo mbili, kwa sababu pistoni inapita urefu ule ule ikienda na ikirudi. Ni kosa kufanya haya kwa kiki au kwa nguvu. Unatumia mkono na spana, pole pole, maana kizuizi kinagusa paa la pistoni.

Alama yake ilikuwa imefika mapema kwa nyuzi nne. Yaani alama inasimama kwenye mstari wakati pistoni bado ina nyuzi nne za kupanda. Kwa hiyo laptopu iliposema 24, na taa ikaitikia 24, cheche halisi ilikuwa inaruka nyuzi 28 kabla ya kilele. Kwa milimita, pistoni ilikuwa bado na 3.9 za kwenda, karibu mara mbili ya agizo la kiwanda.

Kiboksi hakina lawama. Kinachofanya ni kuhesabu muda. Umekiambia kihisi kiko nyuzi 40 kabla ya kilele. Rota inapopita kihisi, kiboksi kinatazama mzunguko uliopita ulichukua muda gani, kinasubiri, kisha kinaachia cheche. Kwenye mizunguko 3,000 nyuzi moja ni sehemu 56 za milioni ya sekunde. Ukitaka cheche kwenye nyuzi 24, kinasubiri nyuzi 16, chini kidogo ya milisekunde moja. Ukikidanganya mahali kihisi kilipo, hesabu yote inahama kwa kiasi kile kile, kutoka kiki hadi mwisho. Hakuna ramani itakayorekebisha, ingawa kila ramani itaonekana mbaya kwa namna yake.

Lakini nyuzi nne ni za pande zote mbili, na iliyobana ni ya kulia tu.

Dirisha la kutazama alama liko kushoto, na yeye alikuwa ameipima silinda ya kushoto peke yake. Ya kulia aliichukulia kuwa imo, kwa kuwa vihisi viko kwenye sahani moja na vimepishana nyuzi 180. Tuliweka geji kwenye silinda ya kulia, tukachora alama yake yenyewe, tukahamisha waya wa taa kwenye plagi ya kulia. Ilikuwa imetangulia nyuzi tatu zaidi ya kushoto. Kihisi cha kulia kinafungwa kwa skrubu mbili zenye matundu marefu ili kiweze kusogezwa, na kilikuwa kimekazwa mahali kilipoangukia. Nne na tatu: saba. Silinda ya kulia, kwenye sehemu ya ramani iliyoandikwa 24, ilikuwa inawaka nyuzi 31 kabla ya kilele.

Jambo la tatu lilikuwa dogo na kwa bahati lilikuwa upande wake. Baada ya kusahihisha alama na kihisi, tulipima kwenye 3,000 ikakaa sawa, tukapima kwenye 8,000 ikawa imechelewa karibu nyuzi mbili. Umeme wa kihisi huchukua muda kupanda hadi kiboksi kiutambue, na muda huo haubadiliki sana, ila nyuzi zinazopita ndani ya muda huo zinaongezeka na mwendo. Nyuzi mbili kwenye 8,000 ni karibu sehemu 40 za milioni ya sekunde. Kiasi hicho kwenye 3,000 ni chini ya nyuzi moja, jicho halikioni, na yeye alikuwa amepima kwenye 3,000 tu. Programu ya kiboksi ina mahali pa kufidia ucheleweshaji huo, mahali ambapo hakuna mtu hupafungua. Kwa maana hiyo, pale kwenye 7,000 ilipobania, ambapo ramani ilisema 22 na makosa yalisema 29, ukweli ulikuwa karibu 27. Ucheleweshaji alioupuuza ndio uliomwachia pistoni isiyotoboka.

Neno kuhusu taa zenyewe. Zipo zile zenye kitufe cha kugeuza ili usome nyuzi kwenye kioo chake bila sahani ya nyuzi. Nyingi zimetengenezwa kwa injini za mipigo minne, ambamo silinda inapata cheche moja kila mizunguko miwili. Injini ya mipigo miwili inatoa cheche kila mzunguko. Taa isiyojua hilo inagawa muda kwa nyuzi 720 badala ya 360, na unaposoma 20 kwenye kioo chake, kwenye krenki ni 10. Tumia taa ya kawaida na alama ulizochora mwenyewe.

Sasa jeti. Kwa nini petroli ya ziada ilisaidia kama kosa lilikuwa cheche? Mchanganyiko mzito kupita kiasi unawaka taratibu zaidi na unapoza chumba cha moto. Moto wa taratibu unahitaji kuanza mapema. Kwa hiyo kila alipoongeza jeti, alikuwa anaitengeneza injini iweze kuvumilia cheche inayowahi: kosa moja likawa dawa ya lingine. Mfano wake ni mtu anayeegemeza mlango uliopinda kwa kabari, halafu akisifia kabari. Uthibitisho ulikuja siku ya kwanza baada ya taimingi kunyooka. Kwa jeti zile kubwa injini ilianza kukohoa kuanzia 5,000, ikiwaka mzunguko mmoja na kuruka mwingine, sauti kama ya injini ya mipigo minne iliyochoka. Tulishuka namba moja, ikakohoa kidogo. Tukashuka ya pili, ikanyooka. Tukawa tumerudi kwenye jeti aliyoanza nayo kabla ya kununua chochote.

Alikuwa na dalili nyingine mkononi na hakuitambua. Wakati fulani, katika kuhangaika, alipunguza ramani nzima kwa nyuzi mbili, na katika daftari lake ameandika: "juu imechangamka, chini imelegea." Ukipunguza nyuzi kila mahali na juu ikachangamka, kuna uwezekano mmoja tu wa maana, kwamba juu ulikuwa umezidisha. Yeye alisoma "chini imelegea" akarudisha. Simlaumu sana. Mtu anaendesha zaidi chini kuliko juu.

Plagi nazo zilisema, ila inahitaji lenzi. Kwenye kauri nyeupe ya plagi ya kulia kulikuwa na nukta za fedha ndogo kuliko chembe za chumvi. Hizo ni alumini ya pistoni yenyewe, iliyong'olewa na kugonga kwa moto. Rangi ya kahawa nzuri haikufichi hilo. Plagi inaweza kuwa na rangi ya kitabuni na bado ikabeba vipande vya pistoni.

Baada ya hapo ndipo ramani ikawa mada halali. Na kabla ya kuichora nilimwuliza swali lililomkera: kwa nini Yamaha waliridhika na nyuzi 20 zisizobadilika? Si ujinga, wala si ubahili tu. Injini ya mipigo minne ya barabarani inahitaji cheche itangulie zaidi kadiri mwendo unavyopanda, kwa sababu moto unachukua muda na krenki haingoji. Ya mipigo miwili ina jambo la pili linalovuta upande mwingine. Chini, silinda haijazi vizuri. Mabaki ya moshi wa mzunguko uliopita yamebaki ndani, na moto unatambaa. Mwendo unapofika pale ekzosi inapoanza kufanya kazi, wimbi la shinikizo linalorudi kutoka kwenye koni ya nyuma ya ekzosi linarudisha mchanganyiko uliokuwa unatorokea nje, silinda inajaa, na mchanganyiko uliojaa na kuvurugika unawaka haraka. Injini inapotoa nguvu zake nyingi zaidi ndipo inapohitaji cheche isiwahi sana. Mambo mawili yanakaribia kufutana, na namba moja isiyobadilika inatosha kwa pikipiki ya kwenda kazini.

Walioijua siri ya wimbi hilo kabla ya wengine walikuwa MZ, kiwanda cha pikipiki cha Ujerumani Mashariki, chini ya mhandisi Walter Kaaden. Mwaka 1961 injini yake ya sentimita za ujazo 125 ilifikia nguvu za farasi 25, sawa na 200 kwa lita. Mwaka huo huo dereva wao Ernst Degner alitoroka wakati wa mashindano ya Sweden, akahamia Suzuki, na 1962 akawa bingwa wa dunia wa daraja la sentimita za ujazo 50. Nakitaja kisa hicho kwa sababu kila tunachofanya na cheche baada ya kilele cha nguvu kinategemea wimbi lile. Ukichelewesha cheche, moto unaendelea kuungua hadi mlango wa ekzosi unapofunguka, na joto linahamia kwenye bomba. Wimbi la sauti hukimbia haraka zaidi kwenye moshi wa moto: moshi ukipanda kutoka nyuzi joto 450 hadi 550, kasi yake inaongezeka karibu asilimia 7. Ni kama umelikata bomba likawa fupi. Injini iliyokuwa inakata pumzi kwenye 7,500 inapata mizunguko mia kadhaa ya ziada kabla ya kufa. Na pistoni inashukuru, maana joto liko nje.

Ramani tuliyofika nayo ni hii. Chini ya mizunguko 600, yaani wakati wa kiki, nyuzi 10, ili krenki isirudishe kiki kwenye kisigino cha mguu. Kwenye 900 nyuzi 18 na kwenye 1,400 nyuzi 16. Mteremko huo mdogo ni wa makusudi, kwani injini ikitaka kuzimika inapata cheche ya mapema kidogo inayoisukuma kurudi juu, na mngurumo unatulia. Inapanda hadi 22 kwenye 3,000, inabaki 22 hadi 4,500, inashuka hadi 20 kwenye 6,000, 18 kwenye 7,500, 15 kwenye 8,500. Kikomo 9,000. Kati ya nukta na nukta mstari umenyooka, bila ngazi. Ramani yenye ngazi huhisiwa kwenye mkono wa mafuta kama kabureta chafu, na utasafisha kabureta hadi uchoke.

Namba hizo ni za injini hii, ekzosi zake za kiwandani na mgandamizo wake. Kuzihamisha kwenye nyingine ni kurudia alichofanya yeye.

Umeme ulichukua saa moja. Swichi ya ufunguo ya nusu karne ilikuwa inakula volti 0.9 kabla ya umeme kufika kwenye kiboksi, na jenereta ya pikipiki hii ina nguvu kidogo injini inapokuwa chini na taa imewashwa. Tukaweka rilei inayochukua umeme moja kwa moja kutoka betri, swichi ikabaki kuiamrisha rilei tu. Waya wa arthi ukaenda kwenye injini yenyewe, si kwenye fremu iliyopakwa rangi. Waya za vihisi zilikuwa zimefungwa pamoja na waya za plagi kwa mkanda mmoja, kwa unadhifu; tukazitenganisha, na kofia za plagi tukaweka zenye resista ya omu 5,000, kwa sababu kelele ya cheche ikiingia kwenye waya wa kihisi kiboksi kinaona rota ambayo haijapita.

Silinda ya kulia ilisuguliwa, pistoni na ringi zikawa mpya. Tuliifungua tena baada ya matangi sita ya mafuta, siyo kwa sababu ya dalili yoyote. Ukingo ulikuwa mzima na mweusi sawasawa pande zote, na plagi chini ya lenzi hazikuwa na nukta.

Kwa nguvu ya juu haijapata chochote ninachoweza kukiapia. Alitarajia zaidi, na tumebishana. Yeye anaamini kuna nguvu iliyofichwa kati ya 22 na 24 katikati ya ramani. Mimi naamini kwamba tofauti ya nyuzi mbili pale haihisiwi na mtu asiye na mashine ya kupimia, wakati tofauti ya nyuzi mbili kwenye 7,500 inahisiwa na pistoni. Na kama angeniuliza kabla ya kununua, ningemwambia mfumo rahisi wa elektroniki usiobadilika, uliowekwa kwenye milimita 2.0, ungemwondolea kero ya pointi, na ndiyo iliyokuwa kero yake. Alichopata kwa kuprogramu ni kiki isiyorudisha, mngurumo uliotulia, na usalama wa kule juu. Kwangu vinatosha. Kwake bado, na ramani ya nyuzi 24 ingali kwenye laptopu, imebadilishwa jina.

Sahani ya pointi hakuitupa. Imo kwenye kopo chini ya kiti ikiwa imefungwa kwa karatasi yenye mafuta, nafasi zimeshapimwa, na alama mbili za patasi zinaonyesha inapokaa. Geji ya saa ameinunua yake.